Gia boksi otomatiki ya gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutafuta hitilafu

Gia boksi ya otomatiki huhukumiwa haraka mno. Gari likichelewa kuondoka mara mbili tu, mwenye gari anaambiwa gia boksi imekufa, kumbe wakati mwingine kilichokufa ni plagi ya waya, au oili imepungua lita moja. Utaratibu ninaousihi kila mtu aufuate ni huu: sikiliza gari, pima oili, soma kompyuta, kagua waya na kebo, ndipo mzungumzie kufungua. Majibu haya yanalenga zaidi magari ya miaka ya 1990 na 2000 yenye gia nne au tano. Ya CVT, yanayotumia mkanda na puli badala ya gia, yana swali lake, la 17.

## Misingi

1. Gia boksi ya otomatiki inafanyaje kazi?

Kati ya injini na gia kuna konveta, chombo cha duara kilichojaa oili. Ndani yake kuna mapanga mawili yanayotazamana kama feni mbili: moja linazungushwa na injini na kuisukuma oili, na oili hiyo inalizungusha la pili. Ndiyo maana gari linaweza kusimama likiwa kwenye D bila injini kuzima.

Nyuma ya konveta kuna pampu, na kuna pakiti za klachi zinazobanwa na shinikizo la oili ili kushika gia hii au ile. Anayeamua oili iende wapi ni valvu bodi, na katika magari mengi ya kuanzia miaka ya 1990 valvu bodi hupokea amri za kompyuta kupitia solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme. Kwa hiyo oili hapa ina kazi nne: kupeleka nguvu, kubana klachi, kulainisha na kupoza. Ikiharibika au ikipungua, vyote vinne vinayumba pamoja.

2. Nitajuaje kama tatizo ni gia boksi na si injini?

Tazama geji ya mizunguko ya injini. Ukikanyaga mafuta na mshale ukapanda huku mwendo haupandi, nguvu inapotea ndani ya gia boksi. Mshale usipopanda na gari likawa zito, anza na injini, kisha breki. Breki iliyogoma kuachia hulifanya gari lionekane kama gia hazishiki. Endesha kidogo, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Yenye joto kuliko wenzake ndiyo inayobanwa.

3. Fundi atahitaji kujua nini kutoka kwangu?

Mengi kuliko watu wanavyodhani. Je, tatizo hutokea gari likiwa la baridi, la moto, au nyakati zote? Ni kwenye gia gani, mwendo gani, ukikanyaga mafuta kidogo au sana? Lilianza ghafla au lilikuja polepole?

La maana kuliko yote ni hili: nini kilifanyika kabla halijaanza? Tatizo lililoanza baada ya kubadilisha oili linanong'ona kwamba oili si yake au kipimo si sahihi. Lililoanza baada ya kushusha injini linaelekeza kwenye plagi iliyosahaulika au kebo iliyofungwa vibaya. Lililoanza baada ya rejeta kuchemsha, au gari kupita kwenye maji mengi, lina njia yake pia (tazama Swali la 18). Yaandike kwenye karatasi, kwa sababu ukifika gereji utayasahau nusu.

## Oili

4. Napimaje oili ya gia boksi kwa usahihi?

Endesha gari dakika 15 hadi 20 ili oili ifike kwenye joto la kazi, karibu nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Simama mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma, mguu kwenye breki. Pitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi kwa sekunde chache, kisha rudi P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, chomoa tena, soma alama za moto. Alama za baridi ni za makisio tu.

Honda nyingi zina utaratibu tofauti: gari likishapata moto unazima injini, kisha unapima ndani ya dakika moja na nusu. Ukiipima Honda ikiwa inaunguruma utasoma kipimo cha uongo na kuongeza oili isiyohitajika. Fuata kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti chenyewe.

Oili ikizidi ni kosa kama ikipungua. Sehemu zinazozunguka huipiga ikatoa povu, na povu haliwezi kubana klachi. Gia boksi zisizo na kijiti hupimwa kupitia boliti ya kufurikia, kwa joto maalum lililotajwa na mtengenezaji. Hiyo mwachie fundi mwenye skana ya kusoma joto la oili.

5. Rangi na harufu ya oili inasema nini?

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Oili nyekundu na angavu ni nzima. Ya kahawia imezeeka, na gari linaweza kuendelea nayo vizuri tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi zimeungua, na hapo oili mpya haitarudisha kilichokwisha. Ya pinki kama maziwa ina maji; zima injini, soma Swali la 18. Oili yenye vimetameta vya chuma inaonyesha kuwa kitu kigumu kinasagika.

Si kila oili ya otomatiki ni nyekundu ikiwa mpya. Kuna za manjano, za kijani na za buluu. Ndiyo maana naiamini pua kuliko jicho: harufu ya kuungua haina rangi.

6. Kipimo kinashuka lakini sioni tone chini ya gari. Inakwenda wapi?

Gia boksi haichomi oili kama injini iliyochoka. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Huenda inavuja gari likiwa kwenye mwendo tu, na upepo unaipaka chini ya bodi: tazama pale injini na gia boksi zinapokutana (oili sili ya mbele), gaskiti ya sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi), na mipira ya kwenda kwenye rejeta. Huenda inaingia kwenye maji ya rejeta. Fungua kifuniko injini ikiwa ya baridi uone kama kuna utelezi mwekundu juu ya maji. Magari ya zamani zaidi yenye modyuleta, kifaa cha kurekebisha shinikizo kwa mvuto wa hewa wa injini, yana njia ya tatu. Kiwambo cha ndani kikipasuka, injini hunyonya oili ya gia boksi na kuichoma, na unachokiona ni moshi mweupe mzito. Chomoa mpira wake. Ukikuta oili ndani, umempata mwizi.

7. Ni kweli kubadilisha oili ya zamani kunaua gia boksi?

Swali hili linawatia watu hofu kuliko jingine lolote, na hofu yenyewe ina chembe ya ukweli. Klachi zilizochakaa huacha unga wake ndani ya oili. Inaelezwa kwamba unga huo husaidia klachi hizo kushika, na kwamba oili mpya inapouondoa, kuteleza kunajitokeza. Kusukuma oili mpya kwa mashine yenye shinikizo nako kunaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu bodi.

Lakini sehemu kubwa ya hadithi hizi inatokana na wakati. Watu hawabadilishi oili gari likiwa zima. Huibadilisha likishaanza kuteleza, na gia boksi iliyokuwa njiani kufa inakufa wiki inayofuata. Lawama inaangukia oili mpya.

Msimamo wangu ni huu. Kama gia zinaingia vizuri, badilisha, ila kwa kumwaga na kujaza, bila mashine. Kumwaga kupitia boliti ya chini hutoa takriban theluthi moja hadi nusu tu ya oili, kwa sababu nyingine imebaki kwenye konveta. Ukimwaga nusu, ukaendesha kilomita mia chache, ukarudia mpaka mara tatu, oili ya zamani iliyobaki ni kama asilimia 12. Mabadiliko yanakuja polepole, na gia boksi haishtuki. Kama tayari inateleza na oili ni nyeusi, usitarajie muujiza. Fanya vipimo vya Swali la 9 hadi la 14 kwanza.

8. Oili yoyote ya otomatiki inafaa?

Hapana. Dexron, Mercon, ATF+4, Toyota T-IV na WS, Honda Z-1 na Nissan Matic zina viwango tofauti vya msuguano na uzito. Gari lililotengenezewa T-IV si la kujazwa WS kwa sababu tu zote ni za Toyota. Oili isiyo yake mara nyingi hujitambulisha kwa mtetemo wa Swali la 12. Soma kijiti au kitabu, usikisie kwa rangi.

## Dalili barabarani

9. Asubuhi naweka D, gari linakaa kwanza ndipo linaondoka. Kwa nini?

Chukua saa. Injini ikiwa ya baridi lakini imetulia kwenye mizunguko ya kawaida ya kusimama, mguu kwenye breki, hamisha kutoka N kwenda D uhesabu mpaka uhisi gari limeshika. Katika vitabu vya Toyota nyingi kiwango, oili ikiwa kwenye joto la kazi, ni chini ya sekunde 1.2, na N kwenda R ni chini ya sekunde 1.5. Pima mara tatu, ukipumzika dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Kisha rudia gari likiwa la moto.

Kuchelewa asubuhi tu, kisha mambo yakawa sawa, kwa kawaida ni sili za mpira zilizokauka kwa umri, au oili inayorudi kwenye sampu usiku kucha. Gari linaweza kuishi muda mrefu hivyo. Kuchelewa kunakozidi gari linapopata moto ni kubaya zaidi: oili nyepesi ya moto inapenya palipochakaa, na shinikizo linashuka.

10. Rivasi imekufa lakini D inafanya kazi, au kinyume chake. Hii inaelekeza wapi?

Hapa ndipo akili inapookoa kazi nyingi. Kama D na R zote zina tatizo, tafuta kitu wanachochangia: kipimo cha oili, filta iliyoziba, pampu, au kebo ya mkono wa gia iliyohama. Kama ni moja tu, tafuta klachi au bendi (ukanda unaobana kama breki) inayotumiwa na nafasi hiyo peke yake.

Kuna jaribio moja zuri. Gari likishindwa kuondoka kwenye D, weka L (gia ya chini). Katika gia boksi nyingi za zamani, gia ya kwanza kwenye D inategemea klachi ya upande mmoja, ile inayozunguka kwa uhuru upande huu na kujifunga upande ule. Kwenye L, breki ya gia ya chini inaingia kusaidia. Gari likiondoka kwenye L na si kwenye D, mshukiwa mkuu ni ile klachi ya upande mmoja. Na kwa kuwa breki hiyo ndiyo inayotumika pia kwenye R, kukosa rivasi pamoja na kukosa nguvu ya injini kuzuia mwendo ukiwa kwenye L kunaelekeza kwake.

11. Gia inapobadilika, injini inapaa kwanza kisha inashika. Ni nini?

Huko ndiko kuteleza. Gia ya chini imeachia kabla ya inayofuata kushika sawasawa. Pima oili, kisha uangalie ni kwenye badiliko gani. Ikiwa ni kati ya ya pili na ya tatu tu, ni klachi ya ya tatu au solenoidi yake. Ikiwa ni kila mahali, ni shinikizo la jumla, na fundi aunge geji kwenye tundu la kupimia shinikizo. Usiendelee kuliendesha ukingoja lizidi. Kila kuteleza kunazalisha joto linaloila klachi.

12. Gari linatetemeka kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, kama linapita juu ya matuta madogo. Ni konveta?

Mara nyingi ndiyo. Ndani ya konveta kuna klachi inayofunga mapanga yale mawili ili kuokoa mafuta, na kwa kawaida hufunga kwenye mwendo huo. Ikiwa imechakaa, au oili imepoteza sifa ya msuguano, hushika na kuachia kwa haraka.

Jaribu hivi: mtetemo ukianza, acha mguu wa kulia kwenye mafuta bila kuubadilisha, na kwa mguu wa kushoto gusa pedali ya breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za breki. Kompyuta itaifungua klachi hiyo. Mtetemo ukikoma papo hapo, umeupata. Ukiendelea, angalia plagi za injini, koili, matairi na jointi za shafti. Nimeona konveta ikilaumiwa miezi mitatu kwa kosa la koili moja. Kama kweli ni konveta na oili ni ya zamani, oili sahihi imewahi kuponya nyingi; anza hapo.

13. Nikiweka D au R gari linagonga kwa kishindo.

Kwanza tazama mizunguko ya injini gari likiwa limesimama. Ikiwa juu, kishindo ni cha kawaida na kosa ni la injini. Pili, maunti za injini na za gia boksi, yaani mipira inayozishikilia: fungua boneti, mtu mwingine ashike breki na kubadilisha D na R, nawe ukiwa umesimama kando, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka kama inataka kutoka, mpira umekatika. Baada ya hapo ndipo uwaze solenoidi ya shinikizo.

14. Gia zinachelewa kupanda; inabidi niachie mafuta ndipo ibadilike.

Katika magari mengi yasiyo na kompyuta ya gia, au yenye kompyuta nusu, kuna kebo inayotoka kwenye throto ya injini hadi kwenye gia boksi. Ndiyo inayoiambia gia boksi umekanyaga kiasi gani. Ikikazwa kupita kiasi, gia huchelewa kupanda na hugonga. Ikilegea, hupanda mapema na laini mno. Ulaini huo unapendeza lakini ni wa hatari, kwa sababu shinikizo liko chini na klachi zinateleza kimyakimya. Kebo iliyokatika inaweza kuua gia boksi nzima, na kuirekebisha ni kazi ya dakika chache.

## Taa na kompyuta

15. Taa ya O/D OFF (ya kuzima overdrive, gia ya juu kabisa) inapepesa yenyewe. Nimebonyeza kitufe bila kujua?

Ukiibonyeza, inawaka bila kupepesa. Ikipepesa, kompyuta imeona kosa. Honda hupepesa taa ya D au D4. Mara nyingi gari hujifungia kwenye gia moja, kwa kawaida ya pili au ya tatu, ili likufikishe mahali bila kuharibika zaidi. Linaondoka kwa uzito, na watu hudhani gia boksi imekwisha, wakati huu ni ulinzi tu.

Toyota nyingi za miaka ya 1990, zile zisizo na tundu la skana, husomwa kwa kuunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, ufunguo ukiwa ON na kitufe cha O/D kikiwa kimewashwa. Taa hupepesa namba: 42 ni senza ya mwendo, 62 na 63 ni solenoidi za gia, 64 ni ya klachi ya konveta.

16. Skana imetoa namba ya kosa P0700. Nibadilishe nini?

Usibadilishe chochote. P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya gia ina jambo la kusema. Inahitajika skana inayoingia kwenye kompyuta hiyo ili kulisoma.

Zitenganishe namba kwa makundi mawili. P0705, P0715, P0720, P0750 na P0755 zinahusu hasa umeme: swichi ya nafasi za gia, senza za mizunguko, solenoidi. Kagua plagi ya waya kwanza kama ina oili au kutu. Pima solenoidi kwa mita. Za gia katika Toyota nyingi za zamani husoma ohmu 11 hadi 15 zikiwa za baridi. Kundi la pili ni P0730 na P0741. Hapo kompyuta iliamuru, umeme ukafika, lakini gia au klachi ya konveta haikutii. Hilo liko ndani, kwenye oili, valvu bodi au klachi.

## Hali za pekee

17. Gari langu ni CVT. Majibu haya yananihusu?

Kwa sehemu. CVT haina gia za kupanda moja moja. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazobadilika upana. Injini kupaa na kubaki juu wakati unapanda mlima ni tabia yake. Usichopaswa kukivumilia ni mlio wa kukwaruza unaofuata mwendo, mishtuko unapoondoka, au nguvu kupungua baada ya safari ndefu ya joto kali. Usijaze ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida kwenye CVT hata kwa kukopa lita moja.

18. Oili imekuwa ya pinki kama maziwa. Naweza kuendesha hadi gereji?

Usiendeshe. Maji ya rejeta yameingia kupitia kipozeo cha oili kilichomo ndani ya rejeta, au gari limezama kwenye maji yakaingia kupitia tundu la hewa. Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za mwaka 2005 hadi 2010 zinajulikana sana kwa rejeta kupasuka kwa ndani namna hii. Maji huachanisha gundi inayoshika nyuso za klachi, na yanakula beringi. Kazi ya kwanza ni rejeta mpya, kisha kusafisha mfumo wote pamoja na konveta. Waliowahi mapema huokoa gia boksi, lakini siku chache za kuendelea kuendesha huifunga njia hiyo.

19. Nikifungua sampu, uchafu kwenye sumaku una maana gani?

Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Lifute, urudishe sumaku. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno ya gia au beringi. Vipande vya rangi ya shaba havishikwi na sumaku, vitafute chini ya sampu: hivyo ni bushi. Rundo la unga mweusi ni klachi.

20. Nanunua gari lililotumika. Nitajuaje gia boksi kabla ya kulipa?

Sharti la kwanza: likute likiwa la baridi. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika amekuficha Swali la 9. Pima kuchelewa, endesha angalau nusu saa mpaka lipate moto kabisa, panda mlima, simama, rudi nyuma ukipanda. Jaribu Swali la 12. Mwishoni pima oili. Oili mpya kabisa kwenye gari la zamani bila maelezo inanitia shaka kuliko oili ya kahawia. Kisha washa ufunguo bila kuwasha injini uone kama taa ya cheki injini inawaka; isipowaka, huenda balbu imetolewa ili usione kosa.

21. Gari limekufa njiani. Naweza kulivuta likiwa N?

Pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, magurudumu yanazungusha sehemu za ndani bila kulainishwa. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele, la nyuma linyanyuliwe nyuma, na la magurudumu manne lipandishwe lote juu ya gari la kubebea. Ukilazimika kulivuta chini kwa chini, fuata mwendo na umbali uliotajwa kwenye kitabu chake, ambao mara nyingi ni mfupi kuliko unavyotamani.